Ramani Chini ya Dawa ya Viatu

Jumanne moja ya Februari 2003, saa mbili na nusu asubuhi, Kalondu alisogeza ndoo ya maji ya vuguvugu karibu na mguu wake, akachovya brashi laini, na kuanza kusugua paa la Ford Cortina ya mwaka 1972 kwa miduara midogo. Gari lilikuwa kivulini, chini ya mabati ya karakana yake ya Mumbuni, kwa sababu paa lililovishwa ngozi bandia halioshwi juani. Sabuni hukauka kabla hujaifuta na kuacha madoa, na madoa hayo mwenye gari huyaona kabla hajakusalimu. Kalondu alikuwa fundi wa viti vya magari kwa miaka kumi na tisa. Mapaa ya namna hii, ambayo wenyewe huita ya vinaili, alikuwa ameshughulikia manne tu. Machakos nzima hayakubaki mengi, na katika yaliyobaki, zaidi ya nusu yalikuwa malazi ya kuku.

Hili lilikuwa la Mzee Maundu. Mzee Maundu alikuwa mzee wa kanisa mwenye shamba kubwa kule Kalama, na kuanzia 1974 hadi 1979 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupima mashamba, ile iliyopita kijiji kwa kijiji ikimwambia kila mtu shamba lake linaanzia wapi na linakomea wapi. Mwezi Machi yeye na mkewe Nthambi wangetimiza miaka hamsini ya ndoa, na walitaka kwenda kanisani kwa Cortina. Maagizo yake yalikuwa mafupi: paa ling'ae, na libaki jeusi vilevile.

Weusi wenyewe ulikuwa dawa ya viatu. Mzee Maundu aliamua zamani kwamba ngozi ni ngozi, iwe ya kiatu au ya gari, na tangu 1974 paa lilipakwa dawa nyeusi kila Jumamosi alasiri pamoja na viatu vya Jumapili vya nyumba nzima. Hakuna fundi anayeweza kumshauri mtu hivyo. Dawa ya viatu huziba vinyweleo vya ngozi bandia, huvuta vumbi, na mwishowe hukauka na kupasuka. Kalondu alipoigusa kwa ukucha, ilikuwa na unene wa chapati.

Kulikuwa na jambo lingine kati ya familia hizo mbili, na ni vizuri lisemwe mapema. Shamba la baba yake Kalondu, Muli, lilipakana na la Maundu. Muli alifariki mwaka 1969, akazikwa chini kidogo ya nyumba, upande wa mto. Kamati ilipopita, mpaka uliokuwa umewekewa mstari wa makonge tangu enzi za babu ulihama hatua arobaini kuelekea nyumbani kwa Muli. Ulichukua kona ya mto, pale mchanga unapohifadhi maji hata mwezi wa Septemba, na ukachukua kaburi. Makonge yaling'olewa, waya ukapigwa. Mama yake Kalondu, Syombua, sasa alikuwa na miaka themanini na mmoja, na katika dunia hii alikuwa amebakiwa na haja moja tu, kuzikwa kando ya mumewe.

Alikuwa amekwenda kuomba mara mbili. Mara zote mbili Mzee Maundu alimkaribisha vizuri, akampa chai ya maziwa matupu, akakunjua ramani mezani na kumwonyesha kwa kidole kwamba hapo hapana kaburi lolote.

"Mimi nafuata ramani, mama," alimwambia. "Ikisema kaburi iko, iko. Ikisema haiko, mimi ni nani?"

Gari alimletea Kalondu kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine, na pia kwa sababu yeye hakuona kama kuna kitu kibaya kati yao. Kalondu alipokea kazi hiyo kwa nia yake. Angeifanya vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, kisha angeomba mara ya tatu.

Mpango wa kazi ulikuwa wa kawaida. Angetoa dawa yote ya viatu hadi afike kwenye ngozi. Angeziba nyufa, na pale ngozi ilipovimba angetumia sindano kuingiza gundi kisha apakandamize. Mwisho angepaka rangi nyeusi inayofaa. Kufikia saa nne alikuwa amepata eneo la ukubwa wa sahani juu ya kioo cha mbele. Ngozi ya chini haikuwa nyeusi hata kidogo. Ilikuwa nyeupe ya maziwa mala, na ilikuwa na mistari.

Alidhani ni nyufa. Alichukua mswaki wa meno, ambao ndio chombo cha kutumia kwenye mishono, akaendelea polepole. Mstari wa kwanza ulipinda mara tatu na kuungana na mwingine, na Kalondu akatambua kwamba ilikuwa barabara ya kutoka mjini kwenda Kalama. Saa sita vilima vilijitokeza, vikaiinua ngozi kidogo, naye akabonyeza kimoja kwa kidole kuona kama ni hewa imeingia chini. Haikuwa hewa. Kando ya mshono wa kati mto ulipita, mkavu, na mchanga wake ulikuwa mchanga kweli. Chembe chache zilimwingia kwenye kucha. Saa saba aliwaona mbuzi, wadogo kama punje za wimbi, wakiteremka kwenda kutafuta majani. Kalondu alisogeza ndoo mbali ili asiwalowanishe.

Mama yake alifika saa saba na nusu na bakuli la muthokoi, kama alivyofanya kila alipokuja mjini kliniki ya macho. Alivaa miwani ambayo kijiwaya chake kilifungwa kwa uzi. Aliweka chakula juu ya stuli, akaegemea mlango wa Cortina, akaangalia.

"Hii ni kwetu," alisema.

"Naona."

"Walikuwa wanatandika karatasi hapa juu ya hii gari. Kwa sababu ni laini, karatasi haitelezi. Karani alikuwa na mkono mzito, alikuwa anaandika na biki kama mtu anachimba shimo." Alisogeza uso karibu. "Hii ni ile ya kwanza, ile walichora kabla Maundu aite karani kando."

Hayo yalieleza mistari. Mbuzi hayakuwaeleza, lakini mbuzi hawakuulizwa.

Kalondu alichukua mswaki na kusafisha pale ambapo mama yake alikuwa akipaangalia. Mstari wa makonge ulitokea kwanza, ukiwa mahali pake pa zamani, na makonge yenyewe yamesimama, yenye miiba. Kisha nyumba. Chini ya nyumba, upande wa mto, kaburi, na mawe yake saba ambayo Syombua aliyapanga kwa mikono yake mwaka 1969. Waya wa Mzee Maundu ulikuwepo pia, umepita kati ya nyumba na kaburi, lakini ulikuwa wa dawa ya viatu tu, na ulitoka kwa pigo la pili la mswaki.

Syombua alilia kidogo, bila sauti. Kisha alitoa leso yake, akalowesha ncha kwa mate, akapangusa mawe yale saba moja baada ya jingine. Alikuwa hajayagusa kwa karibu miaka thelathini. Alimweleza mumewe kwamba paa la jikoni lilibadilishwa, kwamba yule ng'ombe mwekundu alikufa kitambo, na kwamba Kalondu ana karakana yake mwenyewe na haombi mtu. Muthokoi ulipoa. Kalondu aliondoka akaenda kusimama barabarani, akajifanya anamtafuta mtu wa kumuuzia gundi.

Mzee Maundu aliitwa Alhamisi. Alikuja na kofia yake ya manyoya na fimbo, akasalimia, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akavaa miwani. Alilizunguka gari mara moja. Alimtambua mbuzi wake mmoja mwenye pembe iliyovunjika, akafurahi.

"Umefanya kazi nzuri, mwiitu, binti wa Muli," alisema. "Lakini mimi niliagiza nyeusi."

"Nyeusi bado, mzee. Kwanza angalia hapa kwa mto."

Aliangalia kwa mto. Aliangalia makonge, akaangalia kaburi na mawe saba. Alichukua muda wake wote, kama anavyosoma matangazo ya kanisa.

"Ni ramani nzuri," alisema. "Lakini hii si ya serikali."

Kalondu alikuwa amejiandaa kwa jibu hilo. Alikuwa amemwita Laban, mpimaji mwenye ofisi ndogo juu ya duka la dawa, mtu mwangalifu aliyejulikana kwa kutopendelea upande wowote, hata ule wa aliyemwita. Laban alifika na rula ya chuma, lenzi, na nakala ya ramani rasmi. Alivua viatu, akapanda juu ya stuli, akapima kwa saa moja na nusu. Mara mbili ilibidi asubiri ng'ombe wapite. Alisema kwamba makaburi yalichorwa makubwa kuliko kipimo, jambo ambalo linaruhusiwa.

"Ramani ya paa iko sawa," alisema aliposhuka. "Hata ni sawa kuliko ya karatasi. Ya karatasi imepotea hatua arobaini hapa kwa mto, na kwingine pia, lakini huko hamjaniuliza."

"Kwa hivyo inaweza kurekebishwa," Kalondu alisema.

"Inaweza. Kuna fomu." Laban alianza kuvaa viatu. "Inajazwa kurasa mbili, inaambatanishwa na ramani ya kwanza. Sijui paa utaliambatanisha aje, lakini hiyo si shida kubwa. Halafu inawekwa sahihi na mwenyekiti wa kamati iliyopima."

Syombua, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot kilichokuwa kinangoja kushonwa, alimwangalia Mzee Maundu. Mzee Maundu aliivua miwani na kuifuta, akionekana kusikitika kweli.

"Kamati ilivunjwa 1979," alisema. "Mimi siwezi kuweka sahihi kwa niaba ya kitu haiko. Hiyo itakuwa ni udanganyifu."

Laban alikubali kwamba hapo kulikuwa na utata, akaaga.

Hapo ndipo Syombua alipoomba mara ya tatu, kwa sababu Kalondu alishikwa na hasira kiasi kwamba hakuweza kufungua kinywa. Mama mzee alisimama, akaenda hadi kwenye gari, akaweka kidole kando ya kaburi la mumewe, pale palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Maundu, utaniacha nilale hapa?"

"Hapo ni paa ya gari, mama."

"Nasema kule."

"Kule iko ramani," Mzee Maundu alisema kwa upole, na akamsaidia kurudi kwenye kiti.

Suala la rangi liliamuliwa na Nthambi. Alikuja Ijumaa, akaliangalia paa, akasema alikuwa amesahau kabisa kwamba gari lao lilikuwa na paa jeupe, na kwamba yubile ya ndoa inataka nyeupe. Mzee Maundu hakubishana. Tangu asubuhi watu wanane walikuwa wamesimama karakana kuangalia, na mmoja alikuwa amemwambia kwamba hata huko Nairobi, kwa wenye pesa, hakuna gari lenye mbuzi juu. Kwa hivyo Kalondu aliziba nyufa zilizokuwa za kweli, akayaacha mabonde. Alidunga gundi kwenye uvimbe wa kweli, akaiacha milima. Aliung'arisha ukanda wa kromu kuzunguka paa, akamaliza kwa mafuta mepesi yanayofaa, akikwepa malisho. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua hivyo, na ilimuuma.

Yubile ilifana. Mhubiri alizungumza kuhusu uaminifu katika mambo madogo. Baada ya ibada waumini walipanga foleni kulizunguka Cortina, wazee mbele, na kila mtu alitafuta kwake. Waliokuwa na mashamba Kalama waliyapata upesi. Wengi walikuta mipaka yao ya paani haifanani na ile waliyoiacha nyumbani asubuhi, na daima tofauti ilielekea upande mmoja. Mzee mmoja alipima kwa kidole gumba, kisha akapima tena. Lakini ilikuwa sherehe ya mtu, sufuria za pilau zilikuwa zimefunuliwa, na hakuna aliyetaka kuonekana mkorofi mbele ya keki. Walimpa Mzee Maundu mkono, wakampongeza kwa kutunza gari.

Ni siku hiyo pia alipotangaza, mbele ya kipaza sauti, kwamba mama Syombua ana ruhusa ya kutembelea kaburi la mumewe kila Jumapili baada ya ibada, gari likiwa limeegeshwa, kwa robo saa. Watu walipiga makofi. Nthambi mwenyewe alitoa stuli.

Syombua hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja na fagio alilolitengeneza kwa kijiti cha kiberiti na nyuzi za katani, na chupa ya dawa ya macho aliyoijaza maji. Alifagia, akanyunyiza matone mawili, akazungumza na Muli kuhusu mvua. Mvua ikinyesha Kalama katikati ya wiki, Mzee Maundu alikuta paa limelowa upande huo tu, na akaanza kuegesha gari ndani ili rangi isiharibike. Mwezi wa Mei mahindi yalichanua juu ya kioo cha nyuma. Watu wa ukoo wake walisema ni baraka za mzee.

Syombua alifariki mwezi wa Agosti, usingizini, akiwa hajaumwa. Kalondu alikwenda kwa Mzee Maundu siku hiyohiyo. Alipewa chai ya maziwa matupu. Ramani ilikunjuliwa mezani, ya karatasi, na kidole kikapita juu yake taratibu. Wakamzika Syombua upande wao wa waya, juu ya nyumba, karibu na barabara, kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi. Mzee Maundu alihudhuria na kuomba sala ndefu. Kutoka pale alipozikwa, mtu akisimama juu ya kiti, aliweza kuona mawe saba kwa mbali, yamezungukwa na mbuzi wa jirani.

Jumatatu iliyofuata Cortina liliingia karakana. Mzee Maundu aliliendesha mwenyewe. Alishuka na kilo mbili za sukari na unga wa kumpa pole mfiwa, akavua kofia.

"Njoo uone," alisema.

Kando ya kaburi la Muli, pale Syombua alipokuwa ameweka kidole, palikuwa na tuta jipya. Udongo wake ulikuwa bado mwekundu na wenye unyevu, na juu yake palikuwa na maua yaleyale ya karatasi ambayo Kalondu aliyaweka Jumamosi, upande wa juu, karibu na barabara. Alipotafuta upande huo wa juu, paani hapakuwa na kitu. Palikuwa na nyasi tu.

Kalondu alishika ukingo wa mlango. Alihisi furaha, na furaha hiyo ilimtia aibu, kisha akaona hakuna mtu wa kumwonea aibu zaidi ya huyu.

"Umeona?" Mzee Maundu alisema. "Wako pamoja. Mimi sikukataza mtu." Alikohoa. "Sasa hiyo udongo mpya inatoa vumbi. Gari ikikimbia inaruka, inaingia kwa madirisha, na Nthambi ako na pumu. Hiyo sabuni yako inaweza kuitoa?"

"Haiwezi, mzee. Si uchafu."

"Na polishi ya viatu?"

Kalondu alikuwa fundi mwaminifu, na swali lilikuwa la kazi.

"Polishi haitoi," alisema. "Inafunika."

Mzee Maundu alitafakari akiwa amelitazama paa. Alisema hakuna haraka. Alisema gari likisafishwa mara kwa mara, vumbi lisiwepo, hatakuwa na sababu ya kufunika chochote, na kwamba yeye si mtu wa kusumbua makaburi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Kalondu huliosha paa la Cortina bila malipo. Wapita njia husimama kutazama, na Mzee Maundu, akiwa ameketi kwenye stuli na gazeti lake, huwaambia kwamba huyu binti ana heshima, hawezi kuacha makaburi ya wazazi wake yapate vumbi. Wapita njia hukubali. Kule Kalama waya upo palepale, na umewekewa nguzo mpya. Wakati mwingine mzee hukunja gazeti na kusema kwamba Nthambi ameanza kuchoshwa na rangi nyeupe, inaonyesha uchafu haraka, na kwamba mikebe ya polishi nyeusi bado anayo nyumbani, mitatu haijafunguliwa. Kalondu humwaga maji machafu, huchota mengine, huyajaribu kwa kiwiko yasiwe ya moto, na kuanza upya upande wa mto.